Fuko, Kebo na Kichwa cha Mzee Kirwa

Mama yangu alikuwa na vita na fuko. Tulikuwa tunaishi Timboroa, kule juu ambako asubuhi unakuta nyasi nyeupe kwa baridi na maji ya karai yameshika ngozi ya barafu, na tegemeo letu lilikuwa viazi. Fuko naye alitegemea viazi hivyo hivyo. Unaamka unakuta shina limelala, majani yamenyauka kama yamemwagiwa maji moto. Mimi mtoto nilikuwa nakimbilia lile shina na jembe, nachimba hapo hapo, sipati kitu. Mama ananiangalia tu. Siku moja akaniambia, "Wewe unachimba mahali pa kilio. Fuko hayuko msibani."

Yeye alikuwa anarudi nyuma hatua ishirini, thelathini, anakanyaga udongo na kisigino polepole mpaka asikie pamelegea. Hapo anafungua njia ya fuko, anatega kitanzi cha kamba ya katani, anakunja fito, anafunika. Fuko hapendi upepo uingie kwake. Akija kuziba tundu, fito inaruka juu na yeye anabaki kuning'inia. Mama alikuwa anamsalimia kwanza, "Umeamkaje, baba?" kisha anampelekea paka.

Najua mnajiuliza mzee huyu anatupeleka wapi. Nyinyi vijana mnaofunga hizi waya za glasi mliniomba niwaandikie kazi ya kebo ilivyokuwa Eldoret siku zetu, nami nimeanza na viazi. Mnivumilie. Niliishia darasa la nne, na hata huko darasa la nne nilifika kwa huruma ya mwalimu. Lakini bila fuko nisingeingia kazi ya simu, na bila kazi ya simu nisingeelewa kilichompata Mzee Kirwa.

Mimi niliingia kama kibarua wa kuchimba mtaro. Nilikuwa tayari na mke na watoto wawili pale Yamumbi, Rais mpya ndiyo ameingia, redio inaimba Nyayo, wito wake, kutoka asubuhi. Kulikuwa na kebo inapita kando ya mashamba yetu, na kila mvua ikinyesha simu za upande ule zinakufa. Walipofukua wakakuta risasi iliyofunika kebo imetafunwa. Siku hizo, mjue, kebo ilikuwa na koti la risasi, yale madini laini, na ndani waya zimevikwa karatasi. Maji yakiingia kwa karatasi, kwisha habari. Wakubwa walisema ni wezi. Mimi nikiwa ndani ya mtaro nikasema ni fuko. Watu wakacheka, eti fuko gani anakula risasi.

Mtu mmoja hakucheka. Alikuwa amechuchumaa ukingoni, mrefu, masikio yametobolewa kwa desturi ya wazee wa Kinandi, na kwenye tundu la sikio la kulia amechomeka penseli. Huyo ndiye Mzee Kirwa, fundi wa kuunganisha kebo. Akaniuliza, "Unajua kumshika?" Nikakata fito, nikatega kama mama. Kesho yake tulimkuta amening'inia, meno ya njano kama mahindi. Mzee akamzungusha, akayaangalia yale meno, akawaambia wenzake, "Huyu msimuache achimbe mtaro. Huyu anajua kufikiria chini ya ardhi."

Hivyo ndivyo nilivyopata kazi. Barua ya kuomba sikuandika.

Sasa kebo. Ndani ya kebo waya zinaishi wawili wawili, mume na mke, na kila jozi ni simu ya mtu. Zinakuwa mamia. Kazi ya fundi ni kuchukua jozi hii upande huu aifikishe kwa mwenzake upande ule, asimuoze mke wa mwingine. Unakaa ndani ya shimo, chini ya hema la turubai, na jiko la nta ikichemka, maana ukimaliza unamwagia karatasi nta moto ikaushe unyevu. Mzee alikuwa mkali kwa mikono. Jasho la kiganja, alisema, ni mvua ndogo. Alinikataza hata kuongea juu ya kebo ikiwa wazi. Siku moja nilipiga chafya, akaniamuru nitoke nje nikamalizie chafya huko. Mimi nilidhani ni mzaha, nikarudi. Akanitoa tena.

Na kabla ya kuanza lazima kwanza tupate jozi moja ya kuongea. Mimi niko kwenye kabati la chuma la kugawia waya barabarani, yeye kwenye shimo huko mbali, kila mmoja na kipaza cha mkono. Nasikia sauti yake kana kwamba yuko ndani ya debe: "Nani huko?" Nami najibu, "Ni mimi mwenyewe." Ningekuwa nani mwingine? Lakini bila hayo maneno mawili hakugusa waya. Baada ya hapo tunaendelea, anagusa jozi, kengele inalia kwangu, nataja namba. Katikati ananisimulia habari za ng'ombe wake. Najua magonjwa yote ya ng'ombe wa Mzee Kirwa, na nimeyajulia kwenye kabati.

Akimaliza kuunganisha alifunga lile fungu lote na utepe wa pamba, kisha fundo. Hapa mnisikie vizuri. Kila fundi alikuwa na fundo lake. La Mzee lilizunguka mara tatu, mkia ukarudi chini ya mzunguko wa kwanza, kama mama wa kwao anavyofunga kamba ya kibuyu cha maziwa. Fundo likishafungwa, hakuna mtu mwingine wa kufungua. Fundi anatoka kwenda kunywa chai, msaidizi anabaki kupasha risasi ya kuziba. Kufungua fundo la fundi ilikuwa kama kufungua barua ya mke wake.

Nilikuwa nimefanya naye miaka saba hivi ilipoanza.

Ilianza kwa kuchekesha. Siku moja alininyooshea mkono akaniomba "ile ya kubana." Nikampa koleo. Wiki nyingine ikawa "ile ya moto", jiko. Tulimtania kwamba amezeeka, anarudia utoto, naye akacheka na sisi. Lakini nilimuona akiangalia koleo baada ya kupewa. Aliliangalia kama unavyoangalia mtu mliyesoma naye, sura unayo, jina limekataa kuja. Mkono wake haukuwa na shida yoyote. Ukimpa koleo, linakata, linasokota, safi kabisa.

Kisha mkono nao ukaanza. Mchana mmoja, ametoka kunywa chai, nikachungulia fungu lake kabla ya kupasha risasi, na kwenye ukingo wa utepe nikaona zile alama za karatasi zinazotambulisha jozi hazilingani. Jozi mbili zimebadilishana wenzao. Mzee Kirwa, ambaye hakuwahi kukosea hata siku alipomzika baba yake akarudi kazini jioni.

Nikafanya lile lisilofanywa. Nikafungua fundo, nikazirudisha zile jozi mahali pake, nikafunga tena. Na nilifunga kwa fundo lake, mara tatu, mkia chini ya mzunguko wa kwanza. Nikachungulia nje ya turubai kama nimeiba kuku.

Aliporudi aliinama, akaligusa lile fundo na kidole gumba, akasema, "Ziba." Nikaziba.

Baada ya hapo nikawa nafanya hivyo kila mara. Kiangazi kikaisha, mvua ndefu ikaja, ikaisha. Wakati mwingine hakuna kosa, wakati mwingine moja, wakati mwingine matano. Mimi nikijiambia ni heshima, mtu aliyenitoa mtaroni sitamwaibisha. Mke wangu nilimficha. Msimamizi wetu Bwana Makokha nilimficha. Na Mzee mwenyewe, ambaye ndiye mwenye kichwa, nilimficha zaidi ya wote. Nyinyi vijana mtaambiwa kosa baya la fundi ni kuvusha waya kwa jozi isiyo yake. Si hilo. Waya iliyovuka italia tu, mwenye simu atapiga kelele. Kosa baya ni lile unalolifunga vizuri.

Kisha nikaomba ruhusa siku moja nikambatize mtoto wetu wa tatu. Mzee akafanya kazi na msaidizi mwingine, na huyo hakuwa na tabia ya kuchungulia.

Jumatatu mjini kukawa na kicheko cha chini chini. Simu ya mkubwa mmoja wa serikali ilikuwa inalia kwenye duka la nyama. Mwenye duka, mtu wa watu, anainua simu na kusema, "Leo tuko na mbavu na matumbo. Paja limeisha." Akiulizwa yeye ni nani anajibu kwa adabu kwamba yeye ndiye mwenye nyama. Wengine waliopiga walikuwa Nairobi, na hawakuwa watu wa kuambiwa habari za matumbo.

Leo mnacheka, na mimi nacheka. Siku zile kicheko kilikwisha saa nne asubuhi, walipoingia kwenye yadi yetu wanaume wawili wenye suti, wanaongea polepole kama wachungaji. Walitaka kujua nani alikuwa anatafuta kusikiliza simu ya mkubwa. Miaka ile mtu angeweza kuulizwa swali moja tu, na nyumbani wasimuone tena mpaka mahindi yavunwe.

Bwana Makokha hakuwa mtu mbaya. Alihesabu haraka kwa kichwa chake kwamba msaliti anafungwa lakini mlevi anafukuzwa tu. Akawaambia wale wawili kwamba huyu mzee ni mlevi, alikuwa amelewa kazini, ataondoka leo hii. Alikuwa anamwokoa. Na Mzee Kirwa, aliyeokoka zamani, mzee wa kanisa, ambaye hata busaa ya harusi alikuwa anaipitia mbali, alisimama pale kati ya magurudumu ya kebo akifungua mdomo na kuufunga. Nilimwona akitafuta neno. Neno lilikuwako, nawaambia, lilikuwa linagonga kutoka ndani. Njia ndiyo haikuwako.

Nikaona atakavyokwenda. Atarudi kwake upande wa Chepkoilel na jina la mlevi, atakaa kwenye kigoda, na lile jambo lililo kichwani litaendelea kula viazi chini kwa chini, na hakuna hata mmoja atakayelitafuta, kwa sababu jibu limeshapatikana.

Nikasema, "Si pombe."

Bwana Makokha akaniambia ninyamaze. Sikunyamaza. Niliwaambia yote, tangu ile ya kubana, tangu jozi mbili za kwanza. Nikasema nimekuwa nikifungua kazi yake na kuirudia tangu kiangazi. Nilisema nikiangalia viatu vyangu.

Mzee akauliza, polepole, "Ulifungua fundo langu?"

"Ndiyo, Mzee."

"Ukafunga na nini?"

"Na fundo lako."

Aliangalia vidole vyake. Kisha akasema, "Lilikuwa zuri. Sikujua si langu."

Nimepigwa maishani, na kijana wa jirani, na ng'ombe, na stima mara mbili. Hakuna kilichoniuma kama sifa hiyo.

Mmoja wa wale wenye suti akatoa kalamu mfukoni, akaishika mbele ya uso wa Mzee. "Hii ni nini?" Mzee akaangalia. Akasema, "Ni ya... ni ya hapa." Akaichukua, akaichomeka kwenye tundu la sikio, karibu na penseli yake. Yule mtu alibaki na mkono hewani. Baadaye akamwambia Bwana Makokha, kwa sauti nyingine kabisa, "Mpelekeni hospitali." Kalamu hakuidai.

Tukampeleka, mimi na Mama Jeruto, mke wake. Hapa Eldoret wakampima, wakamtuma Nairobi kupigwa picha ya kichwa kwa mashine, akarudi nayo kwenye bahasha kubwa. Daktari alikuwa mwanamke kijana, mpole, kalamu zake tatu amezificha kwa sababu habari ilikuwa imemfikia. Akaiweka picha kwenye taa. Uvimbe ulikuwa upande wa kushoto, kama kiazi kidogo.

Nilimuuliza kama ile sehemu ya kusema imekufa.

"Haijakufa," akasema. "Si mnamsikia anaongea? Na ile ya kujua vitu ni nzima, ndiyo maana kalamu aliiweka mahali pake. Uvimbe umeota kwenye njia inayopita katikati. Unaifinya."

Akatueleza kwamba sehemu za ubongo hazikai kila moja kwa boma lake. Zinaitana siku nzima, na neno moja tu kama koleo linahitaji sehemu kadhaa ziitane kwa wakati mmoja. Ukifinya njia hapa, sehemu ya mbali huko, ambayo hakuna kilichoigusa, inaanza kulegea kwa sababu haipati habari. Nikamkumbuka mama na neno lake la mahali pa kilio. Nikamwambia daktari, basi ni kebo, mimi kebo naijua, laini ya Kisumu ikikatika simu tunazipitisha kwingine.

Akacheka. "Ndugu, inafanana, lakini usiikaze sana. Kebo yako ikikatika inangoja fundi. Ubongo haungoji. Uvimbe ukikua polepole, ubongo wenyewe unatafuta njia za kando, sehemu moja inabeba kazi ya mwenzake. Ndiyo sababu mlikaa miezi mingi mkidhani ni uzee. Ubongo wake ulikuwa unamfichia."

Kumbe tulikuwa wawili.

Kwenye korido nikamuuliza lile nililokuwa nalo. Kama ningesema mapema je? Aliniangalia vizuri. Akasema labda ungekuwa mdogo zaidi, labda. Hatanidanganya wala hatanibebesha lawama.

Walimpasua Nairobi. Walitoa kipande, kipande wakakiacha, kwa sababu kilikuwa kimekaa pale ambapo kisu kikipita, maneno yote yanatoka nacho. Alirudi na kovu kama mshono wa gunia na kofia ya sufu aliyoshonewa na Mama Jeruto. Nilipokwenda kumsalimu alisimama kabla sijafika mlangoni, akanishika mikono yote miwili, akacheka mpaka machozi. Mama Jeruto akamuuliza, "Huyu ni nani?"

Jina langu ni Njuguna, jina fupi, lakini halikuja. Aliangalia juu kwa paa, akaangalia mikono yangu. Kisha akainua mkono wake, akaukunja kama fito, akauachilia ukaruka juu.

"Wa fuko," akasema.

Toka siku hiyo sikuwa Njuguna tena kwake. Alikuwa amezunguka, akapita Yamumbi, akapita mtaroni, akapita kwa mama yangu ambaye hakuwahi kumwona, akanifikia. Ile njia fupi imezibwa, akapita ya mbali, na alifika.

Sasa niwamalizie. Mwaka uliofuata tulikuwa tunafungua kebo upande wa Chepkoilel, si mbali na kwake. Bwana Makokha mwenyewe alikuwa amekwenda kwenye kabati, maana watu hatukutosha. Mimi niko shimoni. Nikaona kofia ya sufu ukingoni. Mzee alivua viatu, akanawa mikono kwa maji yangu ya kunywa, akashuka bila kuniuliza. Nikampa kipaza.

"Nani huko?"

Nikasikia sauti ya Bwana Makokha kutoka ndani ya debe. Alijibu kwa adabu, "Ni mimi mwenyewe, Mzee."

Akafanya kazi. Polepole, jozi moja, anapumua, jozi nyingine. Jua lilihama kutoka upande mmoja wa turubai mpaka mwingine. Alipomaliza alifunga utepe, mara tatu, mkia chini ya mzunguko wa kwanza. Mimi nikachukua jiko la kupashia risasi. Akanishika mkono.

"Fungua," akasema. "Mimi niko hapa. Fungua."

Nikalifungua lile fundo mbele yake. Tukapima jozi zote na Bwana Makokha. Mbili zilikuwa zimevuka. Nikamwonyesha kwa kidole, hii na hii. Aliinama, akaangalia, akaitikia kwa kichwa kama mtu anayesomewa barua na habari anaijua. Nikazirekebisha akiwa anaona. Nikaokota utepe, vidole vyangu vikaanza vyenyewe, mara ya kwanza, mara ya pili.

"Hapana," akasema. "Lako."

Sikuwa nalo. Miaka yote hiyo sikuwahi kujitungia fundo. Nikafunga tu, kama mama alivyofunga kitanzi cha fuko, na nikavuta. Akaligusa na kidole gumba.

"Ziba."

Akapanda juu, akavaa viatu, akafuta mikono kwa kitambaa changu na kukiweka begani mwangu. Kisha akashika njia ya katikati ya mahindi, bila haraka, kofia ya sufu inaonekana, haionekani, inaonekana. Mimi nilikuwa na risasi ya moto mkononi, sikuweza kumsindikiza. Hakugeuka, na kwenye kebo hakurudi tena.